Chupa ya Miaka Sita na Miezi Mitatu

Ningesema ukweli kwa mmoja tu kati ya wale wanaume wawili, Jumamosi ile ingepita salama, kwa chapati na kuku na maombi marefu ya Mama. Lakini mimi, Lynette, muuguzi ninayewapa watu habari mbaya kila siku bila kupepesa macho, nilimficha baba yangu nusu na nikamficha mpenzi wangu nusu. Kwa Baba nilisema Murhula anafanya kazi dukani. Sikusema duka la nini. Kwa Murhula nilisema Baba ameokoka. Sikusema aliokoka kutoka wapi.

Nusu hizo mbili zilikutana sebuleni kwetu, Inver Grove Heights, jimbo la Minnesota, saa tisa mchana, mwezi wa Januari, theluji ikiwa imefika magotini huko nje na buti za wageni zikichuruzika maji kwenye mkeka wa mlangoni.

"Hii ni nini?" Baba aliuliza.

Alikuwa kwenye kile kiti chake cha kuegemea, ambacho hata mchungaji hakikalii. Mbele yake mezani, juu ya kitambaa alichofuma Mama, kati ya thamosi ya chai na sahani ya mandazi, palikuwa na chupa. Chupa fupi, nene, yenye mabega mapana kama mama aliyebeba watoto tisa mgongoni. Murhula alikuwa ameifunua sasa hivi kutoka ndani ya sweta, polepole, kwa mikono miwili, huku akitabasamu lile tabasamu lake ambalo hunimaliza nguvu. Maskini, alidhani anatoa heshima.

"Iko mvinyo, Papa," alisema. "Tunaiita mvinyo ya njano. Inatoka Jura, kule Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Nilivuna zabibu kule miaka tatu nikiwa mwanafunzi. Mzee mwenye shamba alinipa hii chupa siku ya kuagana. Aliniambia, usiifungue mpaka siku ya kuomba mke."

Mama aliachia kifuniko cha thamosi. Kilibiringika chini ya meza na hakuna aliyeinama kukiokota.

"Sijauliza inatoka wapi," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na mimi nikaogopa, kwa sababu Baba anayefoka anazoeleka, lakini Baba mpole ni hatari. "Kijana, nani alikwambia ulete pombe kwangu?"

Tangu wageni waingie alikuwa hajalitaja jina la Murhula hata mara moja. Alikuwa "kijana", au "huyu mtu".

Murhula alimtazama Uncle Zachariah. Uncle Zachariah, mdogo wake Baba, aliyeitwa siku hiyo aongoze mazungumzo kama mzee wa ukoo, alikuwa anasoma mandazi kana kwamba yameandikwa.

"Zachariah."

"Sasa mimi makosa yangu ni gani?" Uncle aliinua mikono. "Kijana alinipigia simu vizuri, na heshima, akauliza Wakikuyu wakienda kuomba msichana hubeba nini. Nikamwambia mila ni mila, ni njohi, kile kinywaji cha wazee, alete kinywaji kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Si nilifikiri ataleta juice? Lynette alituambia ni mtu wa duka. Mimi nikajua ni duka ya unga na mafuta!"

Baba aligeuza kichwa. Hakukigeuza haraka.

"Lynette. Huyu mtu anauza nini?"

Murhula naye alinigeukia, na tabasamu lake sasa lilikuwa limebaki upande mmoja tu wa mdomo. Niliona anavyoanza kuelewa kwamba kuna kitu hakukielewa.

"Wine, Baba," nikasema. "Anauza wine."

"Yesu wangu," Mama alinong'ona.

* * *

Nilikutana na Murhula nikiwa nimekasirika, na labda ningepaswa kujua tangu hapo kwamba mambo yetu yatakuwa hivyo hivyo. Msimamizi wetu wodini alikuwa anastaafu. Wenzangu, kwa kuwa walijua sinywi, wakanituma mimi nikanunue mvinyo wa zawadi; waliona ni kichekesho kikubwa. Niliingia duka moja la mvinyo mjini Saint Paul, nikamwambia muuzaji nataka kitu cha heshima, akanipa chupa fupi nene. Kesho yake ilifunguliwa, na kila aliyeonja alikunja uso. Imeharibika, walisema. Inanuka binzari. Niliirudisha dukani ikiwa nusu na kuitua kwenye kaunta kwa kishindo.

"Umeniuzia kitu kimeoza," nikamwambia.

Muuzaji, mwanamume mrefu mwenye mikono mikubwa ya mkulima, alimimina kidogo, akanusa, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu hadi nikaona aibu kumtazama.

"Haijaoza, dada," akasema, kwa Kiswahili cha Bukavu, baada ya kuisikia Kenya kwenye Kiingereza changu. "Imekaa kwa pipa miaka sita na miezi tatu bila mutu kuigusa. Ninyi mumeipa dakika mbili."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nilirudi wiki iliyofuata kumalizia ugomvi, na wiki iliyofuata hiyo pia, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikataa kuisha.

Wiki tatu nilinusa tu. Sikuonja. Alinieleza kwamba watu wa Jura wakiuweka mvinyo huo kwenye pipa hawalijazi tena. Unapungua, wanauacha upungue. Utando unajitanda juu, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa, na mvinyo unakaa chini yake kimya miaka yote hiyo. Lita moja ikiingia, inayotoka haifiki robo tatu, ndiyo maana chupa yake ni ndogo kuliko nyingine. "Hiyo ingine Mungu amekunywa," alisema. Nikamwambia aache kumsingizia Mungu. Wiki ya nne nikaonja.

Sijui niseme nini. Kwanza ni ukavu, ulimi unashtuka. Halafu zinakuja njugu zilizokaangwa, halafu ganda la chungwa, halafu chumvi kidogo, na ile binzari waliyoilaani wenzangu inatokea mwisho kabisa na haiondoki. Nilimeza na bado nikawa nao mdomoni nikifika kwenye gari. Nilikaa garini nikalia, mwanamke mzima, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa najua kwamba kinywaji ni kitu cha kumezwa haraka na kufichwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kinaweza kusikilizwa.

Majira yale ya baridi, kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda mtaa wa Phillips, kwenye nyumba aliyokaa na shangazi yake, Tantine Générose. Alikuwa amebandika ramani ya Jura kwenye friji, na mimi ambaye sijawahi kuvuka hata mpaka wa Canada nilifika mahali pa kuuonyesha mji wa Arbois nikiwa nimefumba macho. Tulikunywa mvinyo mwekundu wa huko, mwepesi kiasi kwamba ukishika glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Tulionja ule mtamu wa zabibu zinazoanikwa juu ya majani makavu hadi Krismasi ipite. Alinipikia kuku kwa uyoga na malai, akamimina ule wa njano humo sufuriani, na Tantine akawa anapiga kelele kwamba anaharibu kuku. Nusu glasi yangu, basi, halafu peremende garini njiani kwenda nyumbani. Sikulewa hata siku moja. Nilimpenda Murhula na nikaipenda ile nchi ndogo ya milima na theluji, na hadi leo sijui nilianza na ipi.

Na hata siku moja, katika Jumapili zote hizo, sikumwambia kuhusu Baba.

* * *

"Papa Muriuki," Tantine Générose alisema sasa. Alikuwa mwanamke mfupi wa kitenge kikali cha manjano, na ndiye aliyekuja kuwa msemaji wa upande wao. "Bon. Tusikasirike. Sisi tumeona ua nzuri katika bustani yenu—"

"Hapa hakuna bustani, mama. Kuna theluji."

"Quand même, hata hivyo, Papa! Mutoto ameleta kitu ya heshima. Kwetu mvinyo iko hata kwa misa."

"Kwenu," Baba alisema. "Kwangu haiko."

"Baba Lynette, hawa ni wageni," Mama alisema kwa sauti ya chini.

"Najua ni wageni. Kama si wageni, hiyo chupa ingekuwa tayari huko nje kwa theluji." Aliegemea mbele, viwiko juu ya magoti, akamkazia Murhula macho. "Kijana. Msichana wangu amekuambia nini juu yangu?"

"Aliniambia Papa ameokoka. Ni mutu wa sala."

"Basi?"

"Basi, Papa."

Baba alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kibaya, na hakikuwa kwa ajili ya Murhula.

"Lynette, mwambie. Mwambie huyu mtu wako gari yetu ilikuwa na namba gani."

"Baba, tafadhali."

"Mwambie! Si umemleta kwa familia? Mpatie familia yote."

Hapa Minnesota, mtu akishikwa na polisi tena na tena akiendesha gari amelewa, hupewa namba za gari zinazoanza na herufi W. Kila mtu anazijua. Jirani anazijua, mwalimu wako anazijua, na kina mama wa kanisa waliotoka Nyeri mwezi uliopita tu huambiwa maana yake kabla ya kuonyeshwa maduka. Gari letu lilibeba W miaka miwili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kila Jumapili Baba alipokuwa akitafuta mahali pa kuegesha pale kanisani, nilikuwa najikunja chini kwenye kiti cha nyuma hadi watu waingie, na Mama alikuwa anakaa mbele wima, mkoba magotini, akitazama kioo.

Nilimwambia Murhula yote hayo mbele ya watu wote. Nilimwambia jinsi Mama alivyokuwa akivunja chupa gereji. Nilimwambia kuhusu usiku ambao niliendesha gari kwenda kumtoa Baba rumande na hata leseni sina. Sauti yangu haikutetemeka, na nilijichukia kwa hilo.

"Miaka kumi na mbili," Baba alisema nilipomaliza. "Miaka kumi na mbili sijaonja hata dawa ya kikohozi yenye hiyo kitu. Na leo imeletwa kwangu, imewekwa kwa kitambaa ya bibi yangu, na mtu anacheka."

Murhula hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi. Nimetazamwa na macho hayo kwa mapenzi, kwa utani, kwa njaa hata, lakini siku ile yalikuwa macho ya mtu aliyesukumwa kutoka nyuma.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilitaka kukuambia."

"Miezi kumi na tatu, Lynette. Nilikumiminia kila Jumapili. Kila Jumapili! Ungeniambia, ningeleta maji. Ningeleta maziwa. Ningekuja na mikono mitupu nipige magoti." Sauti yake ilipanda. "Umenifanya niingie kwa nyumba ya mutu na kisu, na mimi nazani ni maua."

"Usinipigie kelele mbele ya wazazi wangu."

"Nani amepiga kelele? Wewe ndiye umenyamaza!"

"Haya, haya," Uncle Zachariah aliingilia. "Jameni. Mimi niko na soda kwa gari. Niko na crate nzima ya Fanta. Tutoe hii, tulete Fanta, tuanze upya."

Murhula alisimama. Uso wake ulikuwa umejikaza hadi mfupa wa taya ukaonekana. "Papa, Mama, naomba musamaha. Sikujua. Nitaichukua, nitaipeleka kwa gari." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye chupa.

"Wacha," Baba alisema.

Mkono ulisimama hewani.

"Zachariah amekufundisha mila nusu, nami nitakumalizia. Kwetu kinywaji kikishawekwa mezani kwa sababu ya msichana, mwenye kukileta akikichukua tena amejitoa. Ametoka na kinywaji chake, ametoka na maneno yake. Ukiigusa, nenda nayo Phillips na usirudi."

"Baba Lynette!" Mama alisimama pia.

"Na si mimi wa kuamua kama itanyweka. Sivyo, Zachariah? Wewe si ndiye professor wa mila? Nani huulizwa?"

Uncle Zachariah aliacha kutazama mandazi. "Msichana," akasema. "Wazee hawanywi mpaka msichana aulizwe. Akisema baba anywe, amekubali bwana. Akisema asinywe, amekataa. Na akikubali yeye huonja kwanza, ndio ampe baba."

"Asante. Lynette, simama."

Nilisimama.

"Nakuuliza mbele ya watu," Baba alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hakuwa na hasira tu, alikuwa anaogopa. Tangu chupa ile iwekwe mezani hakuwa ameitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama kila mtu isipokuwa hiyo. "Hiki kinywaji cha huyu mtu. Ninywe, ama nisinywe?"

Nikisema anywe, nimemrudisha baba yangu mahali ambapo Mama alimtoa kwa magoti. Nikisema asinywe, nimemkataa Murhula mbele ya shangazi yake, na neno hilo halirudishwi kwa simu wala kwa machozi. Baba aliyajua yote mawili. Alikuwa ameniwekea mtego, tena kwa mila niliyokuwa nikijivunia kwa wenzangu wa kazini.

Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa. Kwa muda wa pumzi mbili nilimchukia baba yangu kuliko nilivyomchukia enzi za W.

"Usimfanyie mtoto hivi," Mama alisema, naye analia.

"Yeye ndiye alinifanyia."

Nilikwenda kwenye kabati la Mama la vioo, lile la vyombo vya wageni, nikatoa glasi moja. Nikarudi. Nikamnyooshea Murhula mkono.

"Kizibuo," nikasema.

"Lynette, hapana."

"Unacho mfukoni. Huwa unacho hata kanisani. Nipe, ama ufungue mwenyewe."

Alinitazama, kisha akakitoa mfukoni. Sijui aliona nini usoni kwangu. Mwanamume huyu hufungua chupa ishirini kwa siku huku akipiga hadithi, lakini siku ile kizibo kilitoka kwa kuchechemea. Harufu ikapanda. Njugu, binzari, ganda la chungwa, ikaenea sebule nzima, ikapita juu ya chai na mandazi. Baba alifumba macho na kushika mikono ya kiti chake.

Nikamimina glasi ikajaa nusu. Rangi yake ilikuwa ya dhahabu iliyokolea. Miaka sita na miezi mitatu kwenye pipa, na miaka minane mingine chini ya vitanda alivyolalia Murhula, huko Lyon, Montréal, kisha Phillips, ikingojea siku ya kuomba mke. Nikanywa.

Sikugugumia. Ningegugumia ingekuwa rahisi, lakini mvinyo ule haukustahili, na yeye hakustahili. Nilikunywa kama alivyonifundisha, kidogo kidogo, nikiuacha ukae ulimini, na nikauonja wote, ukavu, njugu, chumvi, watu watano wakinitazama na machozi yakinishuka. Ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuonja. Hilo nalo linaniuma hadi leo. Nilikunywa hadi tone la mwisho, nikageuza glasi juu chini, wote wakaona haina kitu.

Kisha nikapiga magoti mbele ya kiti cha Baba na kumpa ile glasi tupu kwa mikono miwili.

"Nimekunywa yangu na yako, Baba," nikasema. "Pokea glasi."

Hakupokea. Mikono yangu ilianza kuchoka na sikuishusha.

"Hii si mila," Baba alisema hatimaye.

"Si mila kumwuliza mtoto swali ulilouliza."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumjibu Baba namna hiyo. Midomo yake ilitikisika, nikadhani atafoka, na nilikuwa tayari. Badala yake aliichukua glasi. Akainuka, akashika na chupa kwa shingo yake, akaingia nazo jikoni.

Jikoni kwetu hakuonekani kutoka sebuleni, kuna ukuta. Tulibaki tunautazama ukuta huo. Mama alipiga hatua moja, akasimama. Alikuwa amesimama hivyo hivyo mara ngapi, miaka ile, akisikiliza? Niliwaza, nimemuua. Nimempa chupa na glasi na nimemwacha peke yake.

Halafu tukasikia. Glug, glug, glug, kitu kinamiminwa. Kilimiminwa kwa muda mrefu. Halafu bomba la maji likafunguliwa, likaachwa linatiririka.

Murhula alikuwa ameelewa kabla yetu. Alikuwa ameketi wima pembeni ya Tantine, mikono juu ya mapaja, akisikiliza miaka yake yote ikienda kwenye sinki. Kila glug ilimpita usoni. Tantine alifungua mdomo na yeye akamshika kiganja, akatikisa kichwa.

Baba alirudi na chupa tupu mkono mmoja na glasi mkono wa pili. Glasi ilikuwa imeoshwa na kujazwa maji.

"Nimemwaga," akamwambia Murhula. "Yote. Una neno?"

"Sina, Papa."

"Umesikia ikimwagika na umekaa hapo. Kwa nini hukuja kunizuia? Si ulisema ni ya maana?"

"Ilikuwa ya maana." Sauti ya Murhula ilikwaruza. "Lakini nilishaileta, Papa. Haikuwa yangu tena."

Baba alimtazama. Sura yake haikulainika, nisiwadanganye. Alikuwa bado na ghadhabu ya kutosha wiki nzima.

"Mbuzi," akasema. "Zachariah atakuambia ni wangapi na atakuambia ukweli wote safari hii. Wa kwanza waje kabla theluji haijaisha. Na ukija, mkono wako uwe na kamba ya mbuzi tu." Akanigeukia. "Na wewe. Umekuwa ukija hapa Jumapili jioni ukinuka njugu na peremende. Tangu mwaka juzi. Ulidhani kati ya watu wote duniani, mimi nitashindwa kujua?"

Murhula alinitazama mara moja na kuangalia pembeni, na nikajua kwamba garini kutakuwa na ugomvi mwingine mrefu, na kwamba utakuwa wa haki.

Baba akampa ile glasi ya maji. "Hapa kwangu tunakunywa hii."

Murhula aliipokea kwa mikono miwili. Aliiinua, na kabla haijagusa mdomo akaisimamisha puani, kwa mazoea ya kazi yake.

"Imeoshwa," akasema taratibu, "lakini bado iko, Papa. Harufu."

"Najua," Baba alisema. Aliketi kwenye kiti chake, na mara ile akaonekana mzee. "Nimeosha miaka kumi na mbili na bado iko. Kunywa maji, Murhula."